Siku Niliyokwenda Kukagua Mgahawa wa Momo

Kazi yangu ni kukagua majiko ya watu. Niliianza Lushoto nikiwa bibi afya, nikipita kwa mama ntilie wa sokoni na daftari kwapani, na wao wakiniona tu wanakimbilia kufunika masufuria. Nilipohamia London vyeti vyangu havikutosha, kwa hiyo nilitunza wazee kwa miaka kadhaa huku nikisoma upya, mpaka nikaajiriwa na kaunsili moja, yaani halmashauri ya mtaa, kwa kazi ileile ya zamani. Huku hakuna anayekimbia. Wanakukaribisha chai, nawe unaikataa.

Mgahawa ninaotaka kuueleza niliujua kabla sijapata kazi ya kaunsili. Uko Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa jiji, kwenye kichochoro kinachotoka kwenye soko refu la barabarani, kati ya fundi simu na duka la vitambaa. Una meza sita. Wenyewe ni Watibeti, mama na mzee wake. Mama alizaliwa India, kwenye mji ambao wazazi wake walikimbilia wakiwa vijana, na huko mama yake alikuwa na chumba cha mabenchi matatu karibu na stendi ya mabasi, akiuza momo. Picha ya chumba hicho imetundikwa juu ya kaunta: mwanamke mnene amesimama nyuma ya sufuria la mvuke la ghorofa nne, hacheki. Binti yake na mkwewe walipokuja London waliendelea na biashara hiyohiyo, na sasa wametimiza miaka ishirini mahali pale.

Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua, nimetoka shifti ya asubuhi, njaa inaniuma. Mama alinitazama toka kaunta.

"Unakula nyama ya ng'ombe?"

"Nakula."

"Pilipili?"

"Nakula."

Akaenda jikoni bila kunipa menyu. Aliporudi aliweka mbele yangu sahani ya momo nane, vifuko vya unga vilivyofinyangwa juu kwa mikunjo midogo, vinatoa moshi, na kibakuli cha achari nyekundu. Nilikamata kimoja nikakiuma kama ninavyouma sambusa. Mchuzi wa moto ukanimwagikia kidevuni na kwenye sare. Mama alikuja na kitambaa.

"Toboa kwanza," aliniambia. "Unyonye. Halafu ndiyo ule."

Nilifanya hivyo. Ndani mlikuwa na nyama ya kusaga, vitunguu na tangawizi, na mchuzi mzito ambao sikuelewa umeingiaje mle. Tangu siku hiyo nilikuwa mteja. Nikiwa na ofu naenda, na binti yangu alipoanza kula vizuri nikawa naenda naye kila Jumamosi mchana. Mama aliniita didi, ambalo ni dada kwa Kihindi. Mimi nilimwita mama. Tuliongea Kiingereza, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, na tulielewana. Wateja wakipungua alivuta kiti akakaa nasi, akaniuliza habari za kwetu, kama kuna baridi. Nilimwambia Lushoto kuna baridi kweli, ni milimani. Hilo lilimfurahisha. Mzee wake sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno matatu. Alikuwa nyuma siku zote, akisukuma chapati ndogondogo za kufungia nyama.

Nilipopata kazi nilimwambia nimeajiriwa kaunsili. Hakuuliza kazi gani. Alidhani nashughulikia takataka, kwa sababu tangu hapo alianza kunilalamikia kuhusu mapipa ya kichochoroni. Sikumsahihisha. Mgahawa wake ulikuwa kwenye eneo la afisa mwingine, nikaona hakuna haja.

Mwaka juzi yule afisa alikwenda likizo ya uzazi na orodha yake tukagawana. Kwenye sehemu yangu, mstari wa nne, nikauona mgahawa. Kabla ya ukaguzi huwa tunajaza fomu yenye swali la kama una uhusiano na mwenye biashara. Nilijiambia kwamba mteja si ndugu. Nilijiambia pia kwamba akienda mwingine asiyemjua atamkoroga mama wa watu kwa maswali ya haraka. Nikajaza hapana.

Ukaguzi wetu hautangazwi. Nilifika Jumanne saa tano asubuhi, kabla wateja wa mchana hawajaanza kuingia, nimevaa koti jeupe na kitambulisho shingoni. Mama aliinua kichwa, akatabasamu, akavuta kiti cha meza yangu ya siku zote.

"Leo mapema, didi. Mvuke haujapanda."

"Leo sijaja kula, mama. Nimekuja kikazi."

Alikisoma kitambulisho pole pole. Kisha akarudisha kiti mahali pake na kunifungulia mlango wa jikoni.

Katika miaka yote ile sikuwahi kuingia mle. Palikuwa pasafi kuliko nilivyoogopa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, visu vimepangwa. Lakini sinki la kunawia mikono lilikuwa limejazwa majani ya giligilani, na mlango wa friji ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa sababu mpira wake umekatika. Na pembeni ya jiko, juu ya stuli, palikuwa na beseni la nyama ya kusaga limefunikwa kitambaa. Nilichomeka kipimajoto. Kilisoma nyuzi kumi na tisa. Sheria inataka zisizidi nane.

"Imekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Lazima ipumzike," alisema. "Ikitoka moja kwa moja kwenye friji mafuta yanakuwa yameganda, mchuzi hautoki. Mama yangu alifanya hivi."

"Saa kumi na mbili asubuhi mpaka sasa ni saa tano nzima, mama. Itabidi uitupe."

Alinitazama. "Wewe umeila miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Uliwahi kuumwa?"

"Hapana."

Alisubiri niendelee. Nikampa jibu la kwenye sheria: wadudu hawaonekani kwa macho, na bahati si kinga. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kwenye majiko mengi, lakini hapo yalinitoka kama nasoma ubaoni.

Alichukua mfuko mweusi akamimina beseni zima mwenyewe, akalikwangua kwa mkono mpaka likaisha. Mzee wake alikuwa mezani anasukuma unga. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha. Nilipomaliza kuandika, meza ilikuwa imejaa chapati ndogo za duara, mistari kwa mistari, na hakukuwa na cha kuweka ndani yake.

Niliwapa alama mbili kati ya tano. Mama alisaini pale nilipomwonyesha, akaniuliza kama amemaliza, nikasema amemaliza. Mchana ule alifunga.

Wiki iliyofuata nilipita kichochoroni bila kuingia. Kwenye kioo cha mlango alikuwa amebandika stika ya alama tunayowapa baada ya ukaguzi, yenye namba mbili, usawa wa macho. Sheria ya huku haimlazimishi mtu kuibandika. Wengi wakipata alama ndogo huificha kabatini. Yeye sijui alidhani ni amri au alitaka tu watu waione. Sikuwa na ujasiri wa kuingia kumuuliza.

Sikulala vizuri siku hizo. Mwishowe nilikwenda kwa bosi wangu, mwanamke mtulivu ambaye huongea huku akisoma kitu kingine, nikamweleza kwamba mwenye mgahawa ule namfahamu na nilijaza fomu vibaya. Aliacha kusoma.

"Ulimpendelea?"

"Hapana."

Aliifungua ripoti yangu kwenye kompyuta, akaisoma mpaka mwisho. Ilimchukua muda. "Nyama ni kosa, hilo halina mjadala," alisema. "Lakini jiko ni safi, na alirekebisha palepale ukiwepo. Mimi ningempa tatu."

Akanigeukia.

"Uliogopa kumpendelea," alisema, "ukambana."

Nilijua ni kweli hata kabla hajamaliza. Kwenye kila kipengele chenye nafasi ya kuamua, nilikuwa nimechagua upande mgumu, ili nisije nikajishuku mwenyewe. Bosi aliandika barua ya onyo ikaingia kwenye faili langu, na akapanga afisa mwingine aende upya. Alinikataza kugusa jalada lile tena.

Nyumbani sikumwambia mtu. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na tano, alinivumilia Jumamosi tatu, ya nne akauliza kwa nini hatuendi tena. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa kirefu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba sasa bosi anajua na yeye anajua, aliyebaki hajui ni yule mama.

Nilikwenda Alhamisi, siku yangu ya ofu. Mlangoni stika ilikuwa imebadilika, ikisoma nne. Friji lilikuwa jipya, nililiona kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Mama alikuwa kaunta anafunga momo, trei mbele yake. Hakuniita didi. Alisema karibu, kama anavyomwambia yeyote.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia sikutakiwa kuja kumkagua, kwamba nilijaza uongo kwenye fomu, na kwamba afisa asiyemjua angempa alama tatu. "Nilikubana kwa sababu nakufahamu," nilisema. "Nisamehe."

Vidole vyake havikusimama. Alifunga momo mbili, ya tatu akaishika bila kuifunga.

"Kwa hiyo mgeni angenihurumia."

"Ndiyo."

"Na wewe hapana."

"Mimi hapana."

Akaimalizia ile ya tatu, akaipanga na nyenzake. Kisha akaongea na mzee wake jikoni kwa Kitibeti, maneno mengi, na mzee akajibu kwa neno moja. Sikujua wamesema nini na sikuambiwa.

"Kaa," alisema. "Siwezi kuzungumza na mtu aliyesimama."

Nilikaa. Aliniletea sahani, nikala. Siku ile hakuvuta kiti, wala wiki iliyofuata. Wiki ya tatu alikuja kulalamika kuhusu mapipa, ingawa sasa anajua vizuri kwamba si kazi yangu, na nikamwandikia barua ya malalamiko ya kupeleka kwa wahusika. Tangu hapo mambo yamekaa sawa, ingawa si sawa kama zamani. Akitania wateja wengine husikii akinitania mimi. Nikiingia, mara nyingine naona macho yake yanaenda kwanza kwenye sinki.

Siku hizi nyama inatolewa kwenye friji kwa mabakuli madogomadogo, inafungwa hapohapo inapikwa. Yule afisa mwingine ndiye aliyemshauri. Mwezi uliopita mama alisimama kwenye meza yangu nikiwa nimeshakula nusu.

"Sema kweli. Za zamani zilikuwa na mchuzi zaidi?"

Binti yangu alinitazama. Niliangalia kipande kilichobaki kwenye kijiko.

"Zilikuwa nao zaidi, mama."

"Hata mzee anasema hivyo," alisema. "Tunajaribu kuongeza supu ya mifupa, ikiwa imeganda. Bado hatujapata kipimo."

Akachukua sahani zilizokwisha, akaenda kuwasikiliza watu wawili waliokuwa wameingia na mabegi ya sokoni.