Shangazi Tausi kwenye Lango la Mandala

Jamani, chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka sendofu ya dada Rehema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, natamani sakafu ya ule ukumbi wa Fort Worth ipasuke inimeze.

Mama aliniambia nichore mpango wa viti ("si unasoma sanaa?"), na wiki hiyo nilikuwa nahangaika na insha ya chuo, kule Richardson, kuhusu mandala, ile michoro ya Wabudha wa China ya kale: Buddha katikati ya ua, wenzake wanane kwenye petali, kisha safu kwa safu hadi malangoni, wanakosimama walinzi wenye meno nje na moto mgongoni. Nikaona, kumbe huu ni ukumbi kabisa! Nikaandika majina juu ya mchoro wenyewe, dada katikati, wapambe kwenye petali, wageni kwenye safu, na Shangazi Tausi, aliyemlea dada miaka yote mama akiwa ameshakuja huku Marekani, nikamsahau mpaka nafasi zikaisha, nikamweka langoni (nitamhamisha kesho, nilijiambia).

Sikumhamisha. Binamu Hamisi akauchapisha ule mchoro mkubwa kama mlango, akausimamisha pa kuingilia.

Shangazi akafika na kitenge kipya, akalitafuta jina lake, akalikuta chini ya jitu lililotoa macho.

"Huyu ndiye mimi?"

"Hapana Shangazi, huyo mlinzi tu, anafukuza pepo," nikasema, nikidhani natuliza mambo.

"Haya. Nalinda."

Akavuta kiti akakaa katikati ya mlango. Upande wa bwana harusi ulipofika na vigelegele, akasema hapiti mtu. Wao wakadhani ni mila yetu, wakaanza kucheza ngoma mbele yake, MC akaniuliza kwenye maikrofoni, "Dada, hii iko kwenye program?", na mimi sijui niseme ndiyo au nikimbilie kwenye gari, kichwani nina Buddha na petali zake tu.

Ndipo dada akanyanyuka, gauni na yote, akabeba kiti chake cha katikati, akaja kukiweka ubavuni mwa Shangazi. Shangazi akalia. Nami nikalia, kwa aibu. Sendofu nzima, keki na dua, ikafanyikia mlangoni, wageni wengine bado wako nje kwenye lami ya maegesho, na hadi leo sijaelewa nani alikaa wapi.

Siku hizi nikiombwa kupanga viti nakataa kabisa. Wakinilazimisha, naandika jina la Shangazi kwanza, halafu ndipo nauliza nani anaolewa.