Mkia wa Foleni ya Riruta

Niliajiriwa kwa sababu ya koo. Cheti cha maana sikuwa nacho, darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini pale kwenye bomba la maji la mtaa wetu wa Riruta nilikuwa nimepanga mitungi ya watu kwa miaka mingi, na hakuna aliyeruka laini nikiwa macho. Mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili, karani mmoja wa ofisi ya chifu alinisikia nikimfukuza mtu mwenye tamaa, naye karani alikuwa ng'ambo ya Barabara ya Naivasha, magari yakipita. Alivuka akaja.

"Mama, wewe ni askari?"

"Mimi ni Rispa, Mama Debora. Nauza maji."

"Sauti kama hiyo inatafutwa," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya uchaguzi. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuandikisha wapiga kura, katika darasa la shule ya msingi lenye madawati mafupi. Msimamizi wa kituo alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Unajua kuandika?"

"Najua, ila polepole."

"Hapa hutaandika. Utakuwa karani wa foleni. Kazi yako ni mtu asimpite mwenzake. Ukinyanyasa mtu nakufukuza. Ukinyanyaswa, niite."

Akanipa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kumetameta. Nilikivaa nikahisi nimekuwa mrefu.

Ninyi vijana mnadhani kura ni sanduku na karatasi. Huko ndani kweli kuna watu wengi: yuko karani wa daftari anayetafuta jina lako, karani wa karatasi, na karani wa wino anayekupaka kidole wino usiotoka upesi, ili usirudi mara ya pili. Wako pia mawakala wa vyama, sisi tuliwaita maejenti, wanaokaa kwenye benchi wakitazamana kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Lakini kura huanzia nje. Mtu akicheleweshwa kwenye jua mpaka achoke arudi kwake, huyo amenyimwa kura na hakuna aliyemgusa. Na ukimwacha mmoja aruke laini, hata kama ni mpiga kura halali, waliobaki nyuma watasema kura imeibiwa, nao hutawaondolea neno hilo kichwani. Kwa hiyo nilikuwa nawaambia wenzangu waliovaa tai, kituo chenu nimekibeba mimi huku nje.

Kituo changu cha pili kilikuwa ukumbi mmoja karibu na River Road, kule kwa wapiga chapa na magesti ya bei ya chini. Kulikuwa na uchaguzi mdogo wa kujaza kiti. Msimamizi alikuwa mwanamke mkali, tukimwita Madam tu. Sheria ilisema, na bado inasema, mwenye mtoto mchanga apelekwe mbele, pamoja na wazee na wajawazito. Asubuhi nikapeleka mbele mama mwenye mtoto aliyefungwa shali ya manjano. Baadaye nikapeleka mwingine. Nikaona shali ni ileile. Mama wa tatu alipokuja nikafunua shali, na mtoto akanitazama kama mtu tunayejuana.

"Dada, huyu ni wako?"

"Ni wa jirani, auntie. Ameniazima kidogo tu, niko na kibanda nimeacha wazi."

Nikaenda kwa Madam. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akakaza uso. "Mpakeni mtoto wino kwenye kidole cha mguu. Asiazimwe tena."

Tukampaka. Sasa ejenti wa chama kimoja akachungulia, akaona mtoto ana wino. Hakuuliza. Akatoka mbio mpaka kwenye stendi za matatu akipiga kelele: "Wanapigisha watoto kura!" Kabla ya chakula cha mchana simu zilikuwa zimeieneza habari hiyo mji mzima, na kundi la wanaume lilikuwa mlangoni likitaka sanduku lifunguliwe. Madam akaagiza mtoto aletwe, akaja amelala, akatoka naye mpaka kwenye ngazi za ukumbi.

"Huyu ndiye mpiga kura wenu. Muulizeni amemchagua nani."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Lakini jioni, ejenti yuleyule akatia sahihi malalamiko kwamba watoto walipiga kura River Road. Alikuwa amemwona mtoto kwa macho yake, na bado akatia sahihi. Hapo nilijifunza kitu ambacho mafunzo hayakunifundisha. Hawa watu wa vyama hawatafuti kilichotokea. Wanatafuta kitu cha kubeba wakishindwa.

Kutoka hapo nikapelekwa Parklands. Kule watu walikuja na magari, wakabaki ndani ya magari kwenye kivuli, wakawasimamisha masoja, walinzi wao wa geti, na wasichana wa kazi kwenye laini. Nikapita nikiuliza kila mmoja kama amejiandikisha hapo. Bwana mmoja akateremsha kioo.

"Mama, huyu soja wangu amenishikia nafasi tangu asubuhi."

"Sawa, baba. Na kura pia atakupigia?"

Laini nzima ikaangua kicheko, soja mwenyewe akainamisha kofia kuficha meno. Msimamizi wa kituo, kijana mpole mwenye miwani, akaniita pembeni. "Rispa, punguza maneno. Lakini usipunguze kazi." Bwana yule akashuka, akaja kusimama kwa miguu yake.

Ni Parklands ndipo nilipoanza mtindo wangu. Nilimwambia kila mtu ageuke, amsalimie aliye nyuma yake na kumwuliza jina. Mwanzoni walinikunjia uso. Baadaye ikawa mtu akitaka kujipenyeza, si mimi ninayepiga kelele, ni laini yenyewe: "Wewe si Fatuma! Nyuma yangu ni Fatuma!" Huu mtindo haumo katika kitabu chochote cha mafunzo, na ninasema ni wangu.

Sasa nifike Riruta, uchaguzi mkuu, kwetu nyumbani. Nitataja majina, maana wenyewe hawakuona haya.

Vyama vilivyokuwa vinavutana pale vilikuwa viwili, alama zao ngazi na kengele. Ejenti wa ngazi alikuwa Mbugua, mwenye ploti za kupangisha. Ejenti wa kengele alikuwa Okello, msimamizi wa vibarua wa mijengo. Wote wawili niliwahi kuwauzia maji. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu, mtu wa haki lakini mwenye moyo mdogo.

Karatasi za kura zilichelewa kufika, kwa hiyo saa kumi na moja jioni, saa ya kufunga, laini ilikuwa imetoka nje ya geti la shule ikafuata barabara mpaka kwenye maduka. Na sheria ni hii: aliyekwisha kuwa kwenye laini saa ya kufunga atapiga kura, hata kama ni wa mwisho kabisa. Anayekuja baada ya hapo arudi nyumbani. Sasa mpaka unawekwaje? Unawekwa na mtu. Karani wa foleni husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Anaitwa mkia. Aliye mbele ya mkia ni mpiga kura, aliye nyuma ni mtazamaji.

Mwalimu alitoka na Mbugua, Okello na askari mmoja, tukatembea wote mpaka mwisho. Wa mwisho alikuwa Mzee Njoroge, fundi wa baiskeli. Mwalimu akaniweka nyuma yake.

"Mama Debora, wewe ndiye mkia. Laini ikisonga, unasonga. Lakini usiruhusu mtu akuhamishe."

Maejenti wote wawili wakasema sawa. Nilisikia kwa masikio haya.

Hatukukaa sana. Mbugua akarudi peke yake, akanisogelea kwa sauti ya chini.

"Mathe, njoo usimame pale kwa geti. Walio ndani ya geti wanatosha."

"Na hawa wa barabarani?"

"Hawa ni wapangaji. Wa kuja. Unajua kura zao zinaenda wapi."

"Sijui, na wewe hujui."

"Usinifanye mjinga, Rispa. Hata wewe ni wa kuja."

Mzee Njoroge akageuka. Alikuwa mtu wa ngazi tangu chama hicho kizaliwe, Riruta nzima ilijua. "Mbugua! Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezikwa hapa, na nimesimama nje ya geti. Na mimi unanikata?"

Mbugua, katika hesabu yake yote, hakuwa amefikiria kwamba watu wake mwenyewe walikuwa barabarani. "Si wewe, mzee. Nilikuwa namaanisha hawa wengine."

"Kata laini uone kama itachagua nani wako na nani si wako," mzee akamwambia. Mbugua akaondoka akinung'unika.

Nilipumua. Kumbe bado Okello. Lori likasimama, wakaruka vibarua wake waliotoka kazini, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Sikuwachukia, wengi ni kweli walikuwa wamejiandikisha pale. Bosi wao hakuwaachilia mapema, na bosi huyo aliyewaweka kazini siku ya kura ndiye Okello mwenyewe. Halafu akaja kwangu na tabasamu.

"Mama, hawa watu yangu wamechelewa dakika kidogo tu. Unataka kuwanyima haki yao?"

"Wewe ndiye umewanyima. Ungewaachilia mchana."

"Nimekuomba na heshima."

"Nami nimekukatalia na heshima."

Basi akanishika mabega, akanivua kizibao changu kwa nguvu, kifungo kikaruka. Akamvalisha kijana wake mmoja na kumsimamisha nyuma ya vibarua wote. Sasa foleni ikawa na mikia miwili. Nikaona watu wa mbele wanageuka, wanatazama kile kizibao kule nyuma, na nikajua kwamba nikinyamaza, kesho ngazi watasema kura za kituo hiki ni za lori, zitupwe zote, za Mzee Njoroge na za kila mtu aliyechomwa na jua siku nzima.

Nikatumia kile nilichoajiriwa nacho. Nilipiga sauti mpaka getini: "Kila mtu ataje aliye nyuma yake!" Walikuwa wameshasalimiana tangu asubuhi, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu. Majina yakaanza kushuka kutoka getini, "Nyuma yangu Wanjiku," "Nyuma yangu Baba Otieno," "Nyuma yangu Khadija," yakaja, yakaja, mpaka kwa Mzee Njoroge.

"Nyuma yangu ni Rispa!"

Basi. Nyuma ya Rispa hakukuwa na mtu. Vibarua wenyewe waliisikia, na wengine wakaanza kurudi kwenye lori bila kuambiwa. Okello akawasukuma wapenye kati yangu na mzee. Wakati huohuo Mbugua alikuwa ameliona lori, akarudi na vijana wake, na walikuwa wamechukua ngazi ya mbao mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Alama ya chama chao, sasa wanaitumia kama rungu. Walikuja wakiwapiga vibarua, lakini mimi ndiye niliyekuwa katikati. Mkono uliokuwa umeshika ile ngazi iliponiangukia kwenye muundi ulikuwa wa Mbugua mwenyewe. Nilisikia mfupa. Mlio wake ni kama kuni kavu.

Askari wakaja na virungu, lori likaondoka, vijana wakatawanyika. Na laini? Laini haikuvunjika. Walishikana mikono, wanaume na wanawake, wa ngazi na wa kengele, hakuna aliyeachia nafasi yake.

Mwalimu akaja mbio. "Mama Debora, tunakupeleka hospitali."

"Nikienda, mkia ni nani?"

Mtu mwingine yeyote angewekwa pale, mmoja kati ya wale wawili angesema ni wa mwenzake.

Mzee Njoroge akaenda akavuta mkokoteni wa mitungi uliokuwa umeegeshwa kando ya duka. Wakanipandisha, mguu wangu umefungwa kwa shuka na kipande cha boksi. Laini ikisonga, mzee anasonga, halafu ananivuta mimi nyuma yake. Nililia, sitaki kudanganya. Kila jiwe la barabara nililijua. Mama mmoja mbele akanitania ili nisizimie: "Mama Debora, leo unatembea kama waziri!" Nikamjibu gari la waziri lina shoki absoba, halirushi mtu. Tulipita geti. Tulifika mlango wa darasa. Mzee Njoroge akaingia, akapiga kura, akatoka akanionyesha kidole chake. Nikamwambia mwalimu, "Sasa funga." Ndipo nikapelekwa hospitali.

Mguu uliunganishwa vibaya, mpaka leo natembea nikichechemea upande mmoja. Matokeo yalipopingwa, Mbugua aliandika kwamba mimi niliongeza watu wa lori. Okello aliandika kwamba mimi niliwanyima watu kura. Mtu mmoja, siku moja, mkia mmoja. Mwalimu alijua ukweli, na alipoulizwa alisema hakuona vizuri. Naye namhesabu pamoja nao. Mimi sikuitwa tena kazini. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na sherehe ya kustaafu haikuwapo.

Siku hizi Mbugua na Okello wamo chama kimoja. Nawaona wakinywa chai meza moja, karibu na stendi. Juzi Mbugua aliniita, "Mama Foleni! Bado una kinyongo? Yale yalikuwa mambo ya siasa."

"Ninyi mmepatana," nikamwambia. "Mguu wangu haujapatana na mtu."

Okello akatazama ndani ya kikombe.

Nimekaa na uchungu huu kwa muda mrefu na sina haraka ya kuuacha. Lakini msinihurumie. Wako wakubwa waliosimamia uchaguzi kwa magari na walinzi ambao leo hawawezi kusema neno moja la kazi yao bila kuangalia mlango. Mimi nasema langu barabarani, mchana, mbele ya waliokuwapo. Riruta hii ni ndogo, tunakutana sokoni, kanisani, matangani. Na kwa miaka yote hii hajatokea hata mtu mmoja wa kuniambia: Rispa, nilikuwa mbele yako siku ile, na sikupiga kura.