Mkate Ulioachwa na Alama ya Meno

Mama anayepika pilau kule Margilan, Uzbekistani, hapimi chumvi kwa kijiko, ng'o! Huuonja mchuzi kiganjani, macho ameyafumba. Vidole vyake vimegeuka manjano kwa karoti. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, hupangusa vumbi mkate mkavu uliotundikwa ukutani, umeng'atwa pembeni.

Leo msafiri mmoja, mdomo umejaa pilau, akamtania: "Mama, mbona ule wa ukutani hatumegewi?"

"Una mwenyewe, mwanangu. Kijana wangu Dilmurod aliung'ata siku aliyosafiri, ndiyo desturi yetu. Sharti arudi aumalize. Mwaka wa saba huu."

"Mgumu huo, si utamvunja meno!"

Mama akacheka, akamwongezea nyama.

"Na ayavunje," akasema, "mradi ayavunjie hapa."