Gurudumu Lililokuwa Chini ya Jiko

Pikapu ya mama ilipoanza kutetemeka, mimi ndiye niliyeogopa zaidi. Mama alikuwa amesema neno moja tu, tukiwa juu ya daraja, mikono yake ikicheza kwenye usukani kama ya mtu mwenye homa.

"Hili gari likinishinda, naliuza. Narudi Kitale."

Mama hasemi kitu ili kukisikia kinavyolia. Kitale ndiko alikotulea, ukimbizini Kenya, akituahidi Juba utoto wetu wote. Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuupenda mji huu, joto lake na vumbi lake lenye rangi ya mdalasini. Pikapu ndiyo iliyotuweka hapa. Ilibeba unga na maharagwe kutoka Sherikat, ng'ambo ya mto, hadi maduka ya mjini. Bila hiyo tusingekuwa na la kutushika.

Kilichoniuma ni kwamba ilianza kutetemeka baada ya kutengenezwa. Klachi ilikuwa imekwisha, na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini na kushikana na klachi, lilikuwa limefanya nyufa kwa joto. Fundi wetu wa Sherikat, Mganda mwenye maneno mengi, akafunga vyote vipya. Gari likisimama, injini ilinguruma kwa adabu. Ukikanyaga mafuta, milango ililia, na kioo cha ndani kikageuza kila kilichokuwa nyuma yetu kuwa uji.

Tukamrudia. Akashusha giaboksi, akaitazama flaiwili mpya, akaipapasa kingo zote, kisha akakaa juu ya tairi.

"Mama, malesh. Mimi ndiyo nilikosea. Hii injini ilipimwa pamoja na flaiwili yake, kama bwana na bibi. Ile ya zamani ilikuwa na matundu upande moja, ya kupunguza uzito. Hii mupya haina. Sasa nataka ile ya zamani nipimie, na wewe ulienda nayo."

"Si wewe ulinipa niende nayo?"

"Kila mtu anaenda nayo, nyabo. Ndiyo ajue sijamwibia."

Ndivyo ilivyo kwetu. Fundi akikubadilishia kipuri, anakukabidhi kile cha zamani, hata kama kitakuvunja mgongo, ushuhudie kwamba kweli kimetoka. Watu hufika nacho nyumbani wakakitupa uani mpaka wanunuzi wa vyuma chakavu wapite. Na wanunuzi hao nilikuwa nimewasikia wakipita na mkokoteni wao Atlabara, mtaani kwetu, asubuhi ya jana yake. Nikamtazama mama.

"Liko chini ya jiko," akasema.

"Chini ya nini?"

"Jiko langu la makaa. Lilikuwa linayumba. Siku hizi haliyumbi."

Fundi alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha girisi. "Kumbe balansi iko kwa jikoni ya Mama, na sisi hapa tunaitafuta."

Nikachukua bodaboda. Nyumbani niliipua sufuria ya maharagwe, nikasogeza jiko, nikaliinua gurudumu likiwa bado na uvuguvugu wa makaa. Nililifunga kwenye gunia, nikavuka daraja nimelipakata kama mtoto.

Fundi alikuwa amelaza vyuma viwili sambamba juu ya benchi, akavisawazisha kwa chupa ya maji iliyojaa nusu. Akayavisha magurudumu yote mawili mhimili mmoja, la zamani likiwa limegeuzwa nusu mzunguko, ili upande mwepesi wa moja ukabiliane na ule wa mwenzake. Akaulaza mhimili juu ya vyuma, akaachia. Magurudumu yakabingirika taratibu, yakasita, yakarudi, yakatulia. Upande mzito umeshuka chini.

"Si utoboe tu pale pale kama la zamani?" mama akauliza.

"Mupya iko na mwili yake, Mama. Tuulize yenyewe."

Akatia alama ya chaki upande mzito wa gurudumu jipya, akalitoboa kidogo kwa drili, akalirudisha. Likabingirika tena, kwa uvivu zaidi. Akatoboa tena. Mwishowe akayageuza magurudumu, akaachia, nayo yakabaki pale pale alipoyaacha. Akayageuza upande mwingine. Yakabaki.

"Khalas," akasema. "Wamesikizana."

Jua lilikuwa linalegea alipomaliza kulifunga lile jipya, nasi tukalipanda daraja. Mama alikanyaga mafuta kwa woga, kisha kwa nguvu. Mlango haukulia. Mikono yake ilitulia kwenye usukani, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mtungi. Akainua macho kwenye kioo, akakitazama kwa muda.

"Huyu wa bodaboda nyuma yetu," akasema, "amevaa sweta nje ndani."

Nikageuka. Kweli. Tukacheka kupita kichekesho chenyewe.

"Lile la zamani umelichukua?"

"Hili hapa miguuni."

"Vizuri. Maharagwe hayajaiva, na jiko halina pa kukaa."