Kiti cha Isma

Ukitaka kumkera Ridhiwan, mwambie tu kwamba gari lake ni Golf. Atakuuliza: Golf gani? Bodi ni ya Golf 2, ile ya zamani yenye kona kona. Injini ni ya Golf 3, mdogo wake. Ekseli ya nyuma ameifungua kwenye Golf 3 nyingine iliyogongwa mbele. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, watu humtania kwamba anaendesha babu na mjukuu kwa pamoja, naye hucheka, kwa sababu anajua kweli nini kinaingia wapi. Alizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa ambao watoto wanashika spana kabla ya kushika kijiko, na ujuzi huo alivuka nao mpaka. Lakini mimi ni jirani yake na nitasema wazi: macho ya fundi wa namna hiyo yana ugonjwa. Hayaoni gari la mtu, yanaona pyesi, vipuri vya kufungua.

Gari la Isma lilikuwa Golf 2 pia, na halikuwa limechanganywa na kitu. Isma na Ridhiwan walikua pamoja, wakakimbia pamoja ndani ya gari hilo hilo, na mwaka jana Isma alipolazwa hospitali ya Ruharo, figo zikiwa zimekataa, alimshika mwenzake mkono akamwambia: "Gari nakuachia weye uliangalie." Ridhiwan akaitikia. Baada ya maziko akawa anakuja nyumbani kwa marehemu kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, anawasha injini, anaisikiliza, anaizima.

Zainah, mjane wa Isma, alipotoka eda alianza tabia yake. Kila siku baada ya Alasiri anafungua mlango wa kulia, anakaa kiti cha abiria na tasbihi yake, na mkono wa kushoto anauweka juu ya kiti cha dereva, maana gari hilo la Burundi usukani wake uko kushoto. Isma alikuwa mtu mnene. Kiti kilibonyea kwa umbo lake, na kitambaa chake cha mistari ya kijivu kilikuwa kimelowa harufu ya mafuta ya udi aliyokuwa akijipaka shingoni. Mtaani kwetu tunachekana kwa kila kitu, lakini hilo hakuna aliyelicheka.

Sasa huko Mbarara kuna mzee anaitwa Aloysius, sajini mstaafu, ambaye ameingiwa na wazimu wa kuirudisha Golf 2 yake iwe kama ilivyotoka kiwandani. Ridhiwan humfanyia kazi.

"Sikiliza, fundi," sajini alimwambia siku moja. "Mimi nataka kiti ya Golf 2 yenyewe. Hii ya Golf 3 ndani ya gari yangu inaniudhi, sebo. Ukiniletea, ile Golf 3 yangu imelala pale, chukua kila kitu. Viti, giaboksi, yote."

"Kiti cha upande gani, afande?"

"Kushoto. Ya kulia iko sawa."

Giaboksi ya Ridhiwan ilikuwa imemchosha. Gia ya tatu ilikuwa inaruka kila anapopanda kilima, na hapo mbele yake palikuwa na nyingine nzima, bure. Akajiambia kwamba kiti cha Isma kimechakaa. Akajiambia kwamba kile cha Golf 3 ni kipya zaidi na laini zaidi, tena kinakaa kwenye reli za Golf 2 bila kulazimishwa, kwa hiyo atakayefaidika ni Zainah. Mtu akitaka kitu, sababu hazimwishii.

Akangoja Zainah aende Isingiro kumtembelea binti yake Afsa. Asubuhi moja ilimtosha. Alikitoa kiti cha Isma, akakifunga kile cha Golf 3, na kile cha zamani akakipakia nyuma ya gari lake akakipeleka Mbarara, akarudi na giaboksi.

Zainah aliporudi alifungua mlango, akasimama.

"Kiti kimeenda fasi gani?"

"Kilikuwa kimechoka, shemeji," Ridhiwan alisema. "Springi zilikuwa zinatoka. Nimekuletea kizuri."

"Na kile cha Isma?"

"Kiko Mbarara kwa fundi, kinashonwa. Kitarudi."

Uongo huo ulimtoka kabla hajaufikiria. Zainah akakibonyeza kiti kipya kwa kiganja, halafu machozi yakamshuka. "Kumbe kuna mtu bado anamkumbuka Isma wangu," akasema. Na Ijumaa iliyofuata, kwenye darasa letu la wanawake, alinyanyua mikono akamtaja Ridhiwan kwa jina: Mungu ampe afya, amtunzie watoto, aibariki mikono yake. Akafanya hivyo kila Ijumaa. Sote tuliitikia amina. Na mimi niliitikia kwa sauti, na nikikumbuka napandwa na hasira.

Giaboksi mpya ilifanya kazi vizuri sana, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Kila gia ya tatu ilipoingia laini, Ridhiwan alimwona Isma kitandani amemshika mkono. Alianza kuzunguka njia ya nyuma ili asipite kwa Zainah. Chakula kikawa hakipiti, mkewe akadhani ana malaria. Aliona haya, haya za mtu mzima, zisizo na pa kuzipeleka. Na kila Ijumaa alipokuja kuwasha injini, Zainah alimuuliza kwa upole uleule:

"Fundi wa kushona bado tu?"

"Bado, shemeji. Ana kazi mingi."

Mwishowe alishindwa. Alikwenda Mbarara akamwambia sajini yote. Aloysius alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemkunjika.

"Hii kiti ni ya mtu alikufa? Na bibi yake hajui?"

"Hajui, afande."

"Wewe fundi, umefanya mbaya. Toa. Toa sasa hivi, sitaki kuona hiyo kitu kwa gari yangu."

Ridhiwan akafungua nati, akakitoa. Kiti kilikuwa kimependeza. Ndani kilitiwa sponji mpya, kimenyanyuka, hakina bonde hata kidogo. Akainamisha pua kwenye kitambaa. Kilinukia sabuni.

"Nilioshesha vizuri," sajini alisema, sauti imeshuka. "Ilikuwa inanuka mafuta-mafuta."

Njiani, alipopita Kaberebere, uongo wa pili ulikuwa umeshajipanga kichwani mwake: shemeji, fundi amemaliza, kiti chako hiki hapa. Ungeingia bila kulazimishwa. Nani angejua? Lakini alipofika alimkuta Zainah ameketi garini na tasbihi yake, na alipokiona kiti alishuka mbio kama msichana. Ridhiwan akaona akiukubali uso ule hatalala tena maishani. Akamwambia. Giaboksi, sajini, uongo wa fundi wa kushona, sabuni, vyote akavisema pale pale mlangoni, na spana mkononi, nasi majirani tunasikia.

Zainah alipiga magoti, akaweka shavu kwenye kiti. Alivuta pumzi mara moja, akangoja, akavuta tena. Kisha akainuka.

"Isma mlimwosha siku ya kumzika," alisema. "Ulimwosha kwa mikono yako weye mwenyewe. Hii mara ya pili, nani alikutuma?"

"Nisamehe, shemeji."

"Kusamehe nitakusamehe, nitafanya nini na miye?" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini zile dua zangu za kila Ijumaa, zifungue unirudishie."

Ridhiwan aliitazama spana yake, akamtazama Zainah, na fundi yule anayejua nini kinatoka wapi hakujua aanzie wapi.