Mama Mkwe, Mkwe na Chupa ya Chai

Bi Somoe wa Mpapura, kijijini Mtwara, hasemi na mkwe. Si kwamba ana kinyongo, hata kidogo; ndivyo alivyolelewa. Mama yake hakupata kusema na mume wa binti yake, na bibi yake vivyo hivyo. Mkwe akitokea njiani, mtu unajifunika khanga na kumpisha. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo amekaa kiti cha mbele cha gari la hifadhi, anapandishwa Mlima Kilimanjaro, na dereva ni mkwe wake mwenyewe!

Alikuwa ametoka Mtwara kwa basi na jambo moja tu kifuani. Mwanawe wa pekee, Latifa, muuguzi huko Moshi, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Lakini Latifa kila akipigiwa simu anazungusha maneno: mara kazi, mara safari ndefu. Somoe akajua tu kwamba mumewe, Mustafa, ndiye anayemzuia. Akafunga korosho zake na unga wa muhogo, akaja kumchukua mwanawe. Ila amdai nani, naye na mkwe hawasemi?

Safari ya mlimani aliipanga Latifa. "Mama, kesho Mustafa anapeleka vyakula vya walinzi uwanda wa Shira. Nenda naye ukaone barafu."

"Na wewe je?"

"Mimi na tumbo hili?" Akacheka, mjanja yule, akampa mama yake chupa ya chai na kufunga mlango.

Wakapanda kimya, Somoe kajifunika khanga usoni. Msitu ulikuwa mzito, ukungu umeshuka hadi barabarani, na gari linaruka kwenye mawe. Somoe alivumilia weee, mpaka akashindwa. Akaiinamia chupa aliyoipakata. "Wewe chupa, mwambie mwenye gari apunguze mwendo. Utumbo wangu umeshafika kooni."

Mustafa akapunguza. Hakucheka, na hilo Somoe alilipenda. Kitambo kidogo naye akasema, macho kayakaza barabarani, "Chupa, mwambie mama aniwie radhi. Na nyuma ya kiti kuna koti, avae."

Ehe! Kumbe kijana ana adabu zake. Tangu hapo chupa ya watu haikupumzika.

Msitu ukaisha, wakatokea kwenye uwanda mpana wa mawe na majani makavu, baridi inauma masikio. Mustafa akashusha vyakula, kisha akamwongoza mama mkwe taratibu kwa miguu hadi kwenye kiziwa kidogo. Juu kabisa kileleni barafu kuu ilikuwa inang'aa kwa jua, na hapa chini ukingo wa kiziwa ulikuwa bado umeganda kwa baridi ya usiku.

"Lahaula! Chupa, hebu muulize, maji yanafanya nini huku juu?"

Msimcheke. Tangu usichana Somoe anateremka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani, mpaka magoti yameisha. Kwake maji ni kitu cha chini. Kumbe kuna watu wamewekewa yao darini! Akabandua kipande cha barafu, kama zile wanazofunikia samaki kule sokoni Chikongola, akakigeuzageuza mkononi na kucheka peke yake.

Wakakaa kwenye mawe, kila mmoja kaangalia upande wake, chupa katikati. Hapo moyo wa Somoe ukafurika.

"Chupa, muulize mwenzako kwa nini ananinyima mwanangu."

Mustafa akaigeukia chupa. "Chupa, mwambie mama simnyimi. Mama yangu mimi alifariki akinizaa. Sijui hata sauti yake. Nikifikiria kumwacha Latifa aende mbali, na mimi nibaki huku nasubiri simu... naogopa, chupa. Na kumfuata siwezi. Latifa ameniambia kwao mkwe halali nyumba ya mama mkwe. Nitakaa wapi nimsikie akiniita?"

Maneno yale yalimchoma Somoe. Siku zote hizo alikuwa akimlaumu kijana wa watu, kumbe mwiko ni wa kwake mwenyewe. Akanyoosha mkono ashike chupa, apate la kujibu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa barafu. Chupa ikamponyoka, ikagonga jiwe, na kioo cha ndani kikavunjika vipandevipande. Chai ikachuruzika kwenye majani, mvuke ukapanda, basi.

Mustafa ameinamisha kichwa, hana ruhusa ya kusema. Somoe anaitazama chupa, nayo haina la kumsaidia tena. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akamkumbuka mama yake, akamkumbuka bibi yake. Kisha akamfikiria yule mama mwingine, asiyepata hata kumpakata mtoto huyu.

Akaiondoa khanga usoni.

"Mustafa."

Jina hilo hakuwahi kulitia kinywani. Kijana alishtuka, akajibu, "Naam, mama."

"Omba likizo, umlete Latifa mwenyewe. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja chenu. Atakapoita, tutasikia sote wawili." Akasimama kwa taabu, akamnyooshea mkono amshike, maana njia ya kurudi ilikuwa ya mawe. "Na chupa nyingine usinunue."