Ukuta wa Migongo Sita

Tulipoambiwa tunakwenda kutia joto ukutani, nilicheka mpaka dereva wa basi la kampuni akageuka. Joto, Dubai! Sisi wa kambi ya Al Quoz, Agosti tunalala juu ya shuka zilizolowa jasho, na huyu tajiri analipa aongezewe! Sheikhan hakucheka. Sheikhan ni fundi wa mabomba, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na ana tabia inayoniudhi mimi mtoto wa Kakamega: kila nyumba tunayoingia, kabla hajagusa spana, anataka ajue wenyewe hukaa wapi.

Wenyewe walikuwa Bwana Fawaz, mkewe madam Rawan, watoto wao, na mama yake Fawaz, Bi Khairunisa. Huyu alizaliwa Unguja akaletwa Ghuba akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu. Wajukuu hawakijui hata kidogo. Kutwa alikaa nao sebuleni kajifunika blanketi, akilalamikia baridi ya AC. Wao wanawasha, yeye anasema zimeni, ugomvi usiokwisha. Ndipo Fawaz akaamua: mabomba membamba ya maji moto yapite ndani ya ukuta wa chumba cha mama, huko nyuma ya nyumba.

"Sir, tungeutia joto ukuta wa sebuleni, nyuma ya kochi lake," Sheikhan alimwambia. "Mama apenda kukaa na watoto."

Fawaz alikuwa anasoma simu. "Chumbani kwake. Sebuleni wageni watatoka jasho. Yalla, kazini."

Basi Sheikhan akafanya kosa ambalo mtu wa pwani peke yake angelifanya. Kwao nyumba huwa na baraza, kiti cha mawe kilichojengewa ukutani mbele ya mlango. Mzee akishakaa hapo, haikawii: jirani kaja, mjukuu kaja, muuza kahawa naye kaja. Ukuta wa chumba cha bibi tungeutandazia mabomba wote, juu mpaka chini, kama kawaida. Yeye aliyabana chini, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa mkekani, kutoka pembe hadi pembe.

"Kwani ni ya nani hii yote?" nikamuuliza. "Mama ni mmoja, bro."

"Hapa yaenea migongo sita. Joto likiwa huku, wajukuu watakuja wenyewe."

"Wacha hizo. Hawa si watu wa Mombasa."

"Watoto ni watoto, Jotham."

Tulijaza maji kwa presha, tukayaacha mpaka kesho yake. Hayakuvuja hata tone. Tukapiga plasta, ikakauka polepole, tukapaka rangi ya maziwa. Siku ya kuwasha, Sheikhan alileta mkeka mrefu alioununua soko la Naif kwa pesa yake, akautandika. Bi Khairunisa alikaa, akaegemeza mgongo, halafu akageuka akaweka shavu ukutani. Akalia. Alisema ni kama ukuta wa jikoni kwa mama yake. Rafiki yangu naye akapangusa macho, na mimi nikatoka nje kwa sababu sipendi mambo hayo.

Baridi ya mwaka uliofuata tukaitwa kuukagua. Sebuleni AC, hata majira hayo, ilikuwa inavuma kama friji iliyoachwa wazi. Kochi la bibi halikuwapo. Palikuwa na televisheni kubwa na watoto mbele yake. Tukapita hadi nyuma. Bibi alikuwa kwenye mkeka, pembeni kabisa. Nyuma ya kichwa chake rangi ilikuwa imeingia mafuta ya nazi, alama moja ya kichwa kimoja. Sehemu nyingine yote ya ukuta ilikuwa safi kama tulivyoiacha.

"Shikamoo, bibi. Wajukuu hawaji?" Sheikhan aliuliza. Ningemzaba kofi.

"Marahaba, mwanangu. Huja. Hufungua mlango wakaniuliza kwa Kiarabu kama napata joto. Nikisema napata, hufunga. Zamani tukigombana. Sasa hata la kugombania sina. Akufukuzaye hakwambii toka. Wangu wamenijengea ukuta."

Nilimchukia Fawaz pale pale, na ninamchukia hadi leo.

"Kaeni basi," akasema. "Ukuta mrefu huu."

Sheikhan akatazama ovaroli lake, akakaa. Nami nikakaa. Joto lilipenya mgongoni taratibu. Kazi ilikuwa nzuri, laana ya Mungu. Bibi akaanza kutuhadithia habari za mama yake, sauti imechangamka, na mlango ukafunguliwa.

"Khalas, mmemaliza?" madam Rawan aliuliza. "Kuna tatizo?"

Sheikhan aliruka juu. "Hakuna, madam. Ukuta hauna kasoro."

Madam akanyoosha kidole. Migongo yetu miwili ilikuwa imeacha vumbi kwenye rangi. Sheikhan akatoa kitambaa, akapiga magoti mbele ya bibi, akafuta ukutani vumbi la mgongo wake, akafuta na la wangu, mpaka ikabaki ile alama moja ya mafuta.